Kisigino, Ugoko na Mteremko wa Karatu

Wayo wa binadamu una mifupa 26 na viungo 33, na katika mbio hutakiwa kufanya kazi mbili zinazopingana. Unapogusa ardhi hulegea ili kupokea kishindo; robo ya sekunde haijatimia, hukazika ukawa nguzo ya kuusukuma mwili mbele. Maumivu mengi yanayompata mkimbiaji chini ya goti huzaliwa katika mpito huo mfupi, pale ambapo sehemu moja ya mguu imebebeshwa kazi kubwa kuliko ilivyozoea.

Historia ndefu ya mguu huo imehifadhiwa vizuri Ngorongoro kuliko karibu mahali pengine popote duniani. Nyayo za Laetoli, zilizofukuliwa na timu ya Mary Leakey mwaka 1978, zina umri wa takriban miaka milioni 3.66. Walioziacha walitembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yaliyolowa, kisigino kikitangulia na dole gumba likiwa sambamba na vidole vingine, si pembeni kama la sokwe. Katika Bonde la Olduvai ilipatikana mwaka 1960 mifupa ya mguu mmoja wa kushoto, maarufu kwa jina la OH 8, yenye umri wa karibu miaka milioni 1.8. Sehemu ya nyuma ya kisigino na vidole havikupatikana, lakini mifupa iliyobaki inaonyesha upinde wa wayo unaofanana sana na wetu. Kaskazini zaidi, Engare Sero karibu na Ziwa Natron, kuna mamia ya nyayo za watu kama sisi kwenye tope lililogeuka mwamba, na baadhi yao walikuwa wakienda mbio.

Upinde huo ndio kiini cha habari yote. Mguu unapotua, mfupa wa kisigino hulalia ndani kidogo, upinde hushuka, na mfupa wa goko huzunguka kuelekea ndani. Wauzaji wa viatu wamewatisha watu mno kuhusu kulalia ndani, kana kwamba ni kilema. Ni mwendo wa kawaida, na bila huo kishindo chote kingepanda moja kwa moja gotini. Nguvu inayorudishwa na ardhi kwa kila hatua ni mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, kwa hiyo mtu wa kilo 60 hupokea kati ya kilo 120 na 180 kwa mguu mmoja. Akipiga hatua 170 kwa dakika, saa moja ya mazoezi ni zaidi ya hatua 5,000 kwa kila mguu.

Kisha huja kukazika. Kisigino kinapoinuka, vidole hukunjika kwenda juu na kuuvuta utando mgumu unaotoka kisiginoni hadi kwenye mizizi ya vidole. Utando ukivutwa, upinde hupanda na mifupa ya katikati ya wayo hubanana. Mwingereza J. H. Hicks aliueleza utaratibu huu mwaka 1954, na yeyote anaweza kuuona kwa kusimama na kulivuta dole gumba lake kwenda juu: upinde huinuka wenyewe. Utando huu ndio unaouma chini ya kisigino asubuhi, katika hatua za kwanza kutoka kitandani, kisha maumivu hupungua mtu akishatembea kidogo. Maumivu hayo hayawapati wakimbiaji peke yao. Mpishi wa hoteli, mwalimu na mwuza duka anayesimama kutwa juu ya saruji wanayajua vilevile, na mkimbiaji mwenye kazi ya aina hiyo anaubebesha utando wake mizigo miwili kwa siku moja.

Juu ya kisigino upo ukano mnene kuliko zote mwilini, ule wa Akilesi. Umeungana na misuli miwili ya shavu la mguu: wa juu unaovuka goti, na wa chini ulio bapa, usioonekana sana, ambao katika mbio ndefu ndio hufanya sehemu kubwa ya kazi. Ukano huu hufanya kazi kama mpira wa manati: huvutika mguu unapotua, kisha hufyatuka na kurudisha nguvu iliyowekwa ndani yake. Vipimo vilivyochapishwa na watafiti wa Uingereza mwaka 1987 vilikadiria kwamba takriban asilimia 35 ya nguvu ya kila hatua huhifadhiwa na kurudishwa na ukano huo, na asilimia 17 nyingine na upinde wa wayo. Nusu ya mbio, basi, ni nguvu inayorejeshwa bure. Gharama yake ni kwamba ukano hubeba mvuto unaoweza kufikia mara sita hadi nane ya uzito wa mwili, na wenyewe hupata damu kidogo kuliko msuli. Msuli huimarika kwa majuma. Ukano huchukua miezi. Kijana anayejiona amepata pumzi na mapaja ya kutosha kuongeza kilometa mara mbili kwa mwezi mmoja hajui kwamba ukano wake bado uko alipoanzia. Ukiudhika huuma sentimita mbili hadi sita juu ya kisigino, hukakamaa asubuhi, hutulia mtu akipasha mwili, kisha hurudi jioni ukiwa umevimba.

Ardhi ya Karatu, mji ulio jirani na Ngorongoro, huyapa mambo haya sura yake. Mji uko kwenye mwinuko wa karibu meta 1,500, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro unapita meta 2,200. Katikati ni mashamba ya ngano, mahindi na kahawa, vilima vya Rhotia, na barabara za udongo mwekundu ambao kiangazi hukauka na kuwa mgumu, masika ukawa utelezi mtupu. Hakuna njia ndefu iliyo tambarare. Anayetaka kukimbia kilometa 15 lazima apande, na aliyepanda lazima ashuke.

Kupanda na kushuka humchosha mkimbiaji kwa namna tofauti kabisa. Katika kupanda, kishindo cha kutua hupungua, lakini kifundo hukunjika zaidi na shavu la mguu hulazimika kuuinua mwili kwa nguvu yake lenyewe. Kazi inahamia kwenye ukano wa Akilesi. Katika kushuka, pumzi hutulia na mkimbiaji hujiona yuko mapumzikoni, ilhali mifupa ndiyo imeanza kazi. Jinger Gottschall na Rodger Kram wa Marekani walipima mwaka 2005 kwamba kwenye mteremko wa nyuzi 9 kilele cha kishindo cha kutua huongezeka kwa asilimia 54 kikilinganishwa na tambarare, na nguvu ya kujizuia kwa asilimia 73. Msuli wa mbele ya goko, unaouzuia wayo usipige chini kwa kofi, hufanya kazi huku ukivutwa, na hiyo ndiyo aina ya kazi inayoacha msuli ukiuma siku mbili baadaye. Barabara inayotoka lango la Lodoare la Ngorongoro kuelekea Karatu mjini ina sehemu kadhaa za kushuka. Anayeitumia kutafuta kasi kila juma anaununua muda wake mzuri kwa mkopo.

Deni hilo kwa kawaida hudaiwa ugokoni. Mfupa wa goko hupinda kidogo sana kwa kila hatua, na mwili hujibu kwa kuubomoa kwanza mfupa uliochoka na kuujenga upya baadaye. Kati ya kubomoa na kujenga kuna majuma ambayo mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla ya mazoezi kuanza, na ndiyo maana maumivu mengi ya ugoko hutokea kati ya juma la tatu na la sita la programu mpya. Madaktari wa kijeshi walikutana na uchovu huu wa mifupa zamani: Breithaupt wa Prussia aliandika mwaka 1855 juu ya askari waliovimba nyayo kwa kutembea kwa gwaride, miaka 40 kabla ya eksirei kugunduliwa na kuonyesha kwamba kilichovunjika ni mifupa ya katikati ya wayo.

Hapa kuna tofauti inayostahili kujulikana na kila kocha wa shule. Maumivu yaliyotanda kwenye ukingo wa ndani wa goko, upana wa kiganja au zaidi, yanayopungua mtu akipasha mwili, ni mfupa na utando wake vilivyoudhika. Kupunguza kilometa na miteremko kwa kawaida hutosha. Maumivu yanayoweza kuonyeshwa kwa ncha ya kidole kimoja, yanayozidi kadiri mtu anavyokimbia na kuendelea usiku kitandani, hushukiwa kuwa ufa. Kuchua kwa mafuta, dawa inayopendwa katika kila kambi, humstarehesha mwenye msuli uliokaza. Kwa mwenye ufa, kunamcheleweshea matibabu.

Viatu huzungumzwa zaidi ya vinavyostahili. Mwaka 2010 Daniel Lieberman na wenzake walionyesha kwamba wakimbiaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya waliokulia pekupeku hutua zaidi kwa sehemu ya mbele ya wayo, na kile kishindo cha ghafla cha kisigino hakionekani kwao. Watu wengi duniani walivua raba, na baadhi yao waliishia na maumivu mapya, kwa sababu kutua kwa mbele hakuufuti mzigo bali huuhamisha kutoka gokoni na gotini kwenda kwenye shavu la mguu na ukano wa Akilesi. Jibu zuri zaidi lilitoka jirani na Karatu. Herman Pontzer na wenzake walipowachunguza Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, waliona wanaume wengi wanatua kwa katikati ya wayo, lakini wanawake na watoto wengi hutua kwa kisigino, ingawa ardhi ni ileile. Wanaume ndio wanaokimbia zaidi porini, na mtindo wa kutua unaelekea kujengwa na mazoea ya kukimbia, si kwa kuwa pekupeku tu.

Kasi nayo ina neno lake. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alipoweka rekodi ya dunia ya meta 1,500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3:32.16, alikuwa akienda karibu meta saba kwa sekunde, na kwa mwendo huo wakimbiaji wengi hutua kwa katikati au mbele ya wayo. Miaka sita baadaye alipata medali ya fedha Moscow katika meta 3,000 za kuruka viunzi na maji, mchezo ambao kila mruko wa maji humrudisha mtu chini kwa mguu mmoja na kishindo kikubwa kuliko hatua yoyote ya kawaida.

Tiba ya ukano na shavu la mguu haihitaji kifaa. Håkan Alfredson wa Sweden alieleza mwaka 1998 zoezi la kusimama ukingoni mwa ngazi, kujiinua kwa mguu usiouma na kushuka taratibu kwa ule unaouma: seti tatu za mara 15, goti likiwa limenyooka kisha likiwa limekunjwa, asubuhi na jioni, kwa majuma 12. Wengi huacha juma la tatu kwa kuwa bado kunauma, na hilo ni kosa, maana ukano haujapata muda wa kujibu. Kubadilisha upande wa barabara pia husaidia, kwa kuwa barabara imeinamia pembeni na mguu ulio upande wa juu hulalia ndani zaidi.

Ufa wa mfupa hauna zoezi. Eksirei ya siku za mwanzo mara nyingi haionyeshi kitu, hivyo picha safi si ruhusa ya kurudi njiani; mara nyingi hurudiwa baada ya majuma mawili au matatu. Msichana mkimbiaji aliyekosa hedhi kwa miezi aulizwe anachokula kabla ya kuulizwa kiatu, kwani mwili usiopata chakula cha kutosha hupunguza kujenga mifupa. Ufa wa kawaida wa goko hudai majuma sita hadi manane au zaidi bila kukimbia, na ule wa mbele ya goko au wa mfupa wa juu ya upinde wa wayo hudai mtaalamu, kwa sababu huko damu ni chache na mfupa unaweza kukatika kabisa. Mgonjwa hurudi kwa kutembea bila maumivu, kisha kukimbia na kutembea kwa zamu kwenye uwanja wa shule, kisha kupanda vilima. Kushuka hurudishwa mwisho.