Ulisoma Kwale? Mia Mbili Yako ya Mwezi Inaweza Kumbakisha Mtoto Chuoni

Mwaka jana timu yetu ilikuwa Ukunda, kwa wakala mmoja karibu na steji ya matatu za Msambweni. Mama muuza viazi karai akatujia na barua ya chuo kikuu mkononi. Binti yake alikuwa ameitwa, na siku ya kuripoti ilikuwa imebaki wiki moja.

"Wanangu, hebu nisomeeni hapa. Hii elfu kumi imetoka wapi tena? Si niliambiwa serikali imelipa?"

Serikali ilikuwa imelipa kweli, lakini si yote. Kwa mpango wa ufadhili ulioanza 2023, karo hugawanywa mara tatu: ufadhili, mkopo wa HELB na sehemu ya familia. Kwa viwango vilivyotangazwa 2024, familia yenye uhitaji mkubwa zaidi hupata ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, kisha yenyewe hutoa asilimia 5. Kwa kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka, hiyo asilimia 5 ndiyo elfu kumi ya mama. Viwango hivi hubadilika, kwa hivyo kila mwanafunzi aangalie akaunti yake mwenyewe.

Elfu kumi si pesa nyingi ukilinganisha na 190,000 zilizokwisha kupatikana. Lakini ukiuza viazi karai, na bado kuna nauli, godoro na chakula cha mwezi wa kwanza, ni mlima. Na hapo ndipo wengi huahirisha masomo. Anasema "nitaenda mwaka ujao", na mwaka ujao haufiki.

Binti huyu alienda. Mwalimu wake wa sekondari alipeleka habari kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma shule hiyo. Mmoja anafanya kazi hotelini Diani, mwingine ni nesi Mombasa, mwingine yuko Doha. Hakuna aliyetoa zaidi ya elfu moja. Kesho yake saa nne asubuhi pesa ilikuwa imeingia chuoni.

Kwa nini sasa

Watu wa Kwale wanajua nguvu ya ufadhili. Tangu enzi za Gavana Salim Mvurya, aliyeongoza kuanzia 2013 hadi 2022, basari ya kaunti chini ya mpango wa Elimu ni Sasa imepeleka vijana wengi shuleni na vyuoni. Kampuni ya madini ya Base Titanium nayo ilikuwa ikifadhili wanafunzi wa eneo hili. Lakini uchimbaji wake ulifika mwisho Desemba 2024. Madini huisha. Basari ya kaunti nayo hugawanywa kwa wengi, na mara nyingine hufika baada ya siku ya kuripoti.

Waliosoma hawaishi. Kila mwaka wanaongezeka, na ndio wanaojua mtoto yupi wa shule yao amekwama kweli.

Na si jambo geni kwetu. Septemba 1959, Tom Mboya alipopeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege, michango ya watu wa kawaida ilikuwa sehemu ya safari ile. Harambee tunaijua. Kilichobadilika ni kwamba leo huhitaji kadi, hema wala mgeni wa heshima. Unahitaji simu.

Hesabu yake

Watu 40 wakitoa 200 kila mwezi, ni 8,000. Kwa mwaka ni 96,000. Kwa pengo la elfu kumi kama la yule mama, hao ni wanafunzi tisa, na bado 6,000 inabaki ya nauli. Mia mbili ni bando la intaneti la siku chache tu.

Siri ni kutoa kila mwezi, ili Agosti ikifika pesa iko tayari. Mchango wa kukimbizana dakika ya mwisho hupata huyu na kumkosa yule.

Fanyeni hivi

Pesa isikae kwa simu ya mtu mmoja. Tumekutana na kundi moja lililokuwa likiweka michango yote kwa laini ya mweka hazina. Simu ikaibiwa, lawama zikaanza, kundi likavunjika. Fungueni akaunti ya kikundi, ambayo pesa haitoki mpaka watu watatu waidhinishe.

Lipeni chuo moja kwa moja. Chukueni namba ya Paybill kutoka kwa barua rasmi au tovuti ya chuo, si kutoka kwa ujumbe uliotumwa tena na tena. Sehemu ya akaunti, weka namba ambayo chuo kimeelekeza. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Ukikosea, piga huduma kwa wateja mara moja, usingoje kesho.

Onyesheni risiti, fichieni mtoto aibu. Ujumbe wa malipo uwekwe kwenye kundi ili kila mtu aone pesa ilikoenda. Lakini picha na jina la mwanafunzi si lazima. Anasaidiwa, hauzwi.

Pangeni malipo ya kujirudia. Chagua tarehe, labda siku mbili baada ya mshahara, simu ikutolee yenyewe.

Jihadharini na matapeli. Mtu akikwambia ulipe "ada ya usajili" ndipo upate ufadhili, kimbia. Na hakuna mtu, hata sisi, anayehitaji PIN yako.

Umesahau HELB?

Kama ulisoma kwa mkopo wa HELB, kuna mchango mmoja unaodaiwa tayari. Bodi hiyo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1995, hutumia marejesho yako kumkopesha anayeingia chuoni leo. Kwa hivyo unapolipa kwa simu, hata kidogokidogo, hulipi deni tu. Unamwachia mwenzako kiti.

Yule mama tulimkuta tena miezi mitatu baadaye, palepale Ukunda. Binti anaendelea vizuri. Akatuuliza, "Na mimi ambaye sikusoma pale, naruhusiwa kuchanga?"

Tulimsaidia kupanga shilingi 50 kila mwezi. Wewe uliyesoma pale, kundi lenu lina watu wangapi? Fungua sasa hivi, uandike ujumbe wa kwanza.