Kiogope Kiraka Kilichopita Kimya

Umebadilisha mistari mitano ya msimbo wa kerneli ya Linux ili kadi ya mtandao ya seva yako ifanye kazi. Seva imetulia, nawe umesahau. Lakini toleo kuu jipya la kerneli hutoka kila baada ya wiki 9 au 10 hivi. Ukisasisha, mistari yako inapotea. Usiposasisha, unabaki na matundu ya usalama ambayo wenzako wameshayaziba.

Njia ya kutoka hapo ni kuhifadhi badiliko lenyewe peke yake, yaani kiraka. Programu ya patch, iliyoandikwa na Larry Wall mwaka 1985, inatumika mpaka leo. Faili la kiraka huonyesha mistari inayotoka kwa alama ya kutoa, inayoingia kwa alama ya kujumlisha, na kwa kawaida mistari mitatu ya jirani juu na chini. Majirani hao ndio anwani. Sehemu iliyokuwa mstari wa 400 ikisogea hadi wa 412, patch huwatafuta majirani na kubandika palepale. Isipowapata, hukikataa kipande na kukiweka kwenye faili la .rej, ukirekebishe kwa mkono.

Wengi huiogopa .rej. Mimi naogopa kiraka kilichopita kimya. Tuseme chako kinafunga kufuli kabla ya kusoma orodha fulani, na toleo jipya limeshalifunga kufuli hilohilo hatua moja nyuma. Kiraka kitabandikwa, kompaila haitalalamika, kisha kerneli itaganda ikisubiri kufuli ambalo yenyewe ndiyo imelishika.

Kwa hiyo kila kiraka kibebe jambo moja, na juu yake pawe na sababu na namna ya kulijaribu. Kwenye Git, viweke katika tawi lao na uvihamishie toleo jipya kwa amri ya rebase, kimoja kimoja, ukijiuliza kama bado kinahitajika.

Viraka vya PREEMPT_RT, vinavyoifanya Linux ijibu ndani ya muda uliopangwa, vilibebwa hivyo takriban miaka 20, vikiingia kidogo kidogo, hadi toleo la 6.12 la mwaka 2024 lilipoukubali uwezo huo katika kerneli rasmi. Kazi ya viraka hivyo ilikuwa kubwa. Wewe una mistari mitano: itume kwa watunzaji wa kerneli. Wakiipokea, sasisho lijalo litakuachia kazi moja tu, kufuta faili la kiraka.