Kitenzi cha Kiingereza na Ng'ombe wa Machakos

Msomaji wa Kiingereza akutanapo na kitenzi asichokijua, yampasa kwanza kutazama jirani zake: ni nani atendaye, ni kitu gani kitendwacho, na ni jambo gani lifuatalo. Mfano mmoja ni kitenzi destock, ambacho mwaka 1938 kilileta fadhaa kubwa katika wilaya ya Machakos.

Stock, kikiwa kitenzi, ni kutia mahali vitu vya kukaa humo: duka hutiwa bidhaa, bwawa hutiwa samaki, shamba hutiwa mifugo. Ile de ya mbele hugeuza tendo, kama vile funga inavyogeuka kuwa fungua. Basi destock ni kuondoa kilichotiwa. Lakini kilichotiwa ni nini, kitenzi peke yake hakisemi. Machakos maneno jirani yalikuwa malisho, mmomonyoko wa udongo, mnada, na idadi ya ng'ombe walioruhusiwa kubaki. Kwa kuwa wengine walibaki, maana ni kupunguza mifugo, si kuimaliza.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni kwamba kitendwacho hapa ni nchi, wala si ng'ombe. Mwingereza aweza kuandika The land must be destocked, na sentensi ikakamilika bila kumtaja ng'ombe, wala mwenyewe, wala yule amtoaye zizini. Ni kweli kwamba udongo wa vilima vile ulikuwa ukichukuliwa na mvua. Lakini Wakamba waliyaona yale yaliyofichwa na sentensi: ng'ombe wao, ambao ndio mahari na akiba ya siku za njaa, walikuwa wakichukuliwa na kuuzwa kwa nguvu. Mwezi wa Julai 1938 wanaume, wanawake na watoto, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kutaka kuonana na Gavana, wakakaa huko kwa majuma kadhaa. Muindi alikamatwa akahamishiwa Lamu. Hata hivyo, kabla mwaka haujakwisha, serikali iliacha kuwauza ng'ombe kwa nguvu.

Kitenzi hicho kingali kinatumika. Katika habari za ukame, jirani zake huwa bei, hiari na kiwanda cha nyama. Hapo maana yake ni mfugaji kuuza mapema, mifugo ingali hai. Na katika barua ya mfanyabiashara, zinazopunguzwa ni bidhaa za ghalani, wala hamna ng'ombe hata mmoja.