Vidole vinne vya Kidatu: kwa nini behewa la reli moja halipiti kwenye reli nyingine

Ukipita vijiji vya kando ya reli ya TAZARA, kuanzia Kidatu na Mang'ula hadi Ifakara, Mngeta na Mlimba, si ajabu kukuta mtoto anavuta makopo matatu yaliyofungwa kwa kamba. Magurudumu ni vizibo vya soda au vipande vya ndala zilizochakaa. Kopo la mbele ndilo kichwa cha treni, yanayofuata ni mabehewa, na honi anaipiga mwenyewe kwa mdomo.

Katika nchi nyingine mchezo huu unaendelea mpaka uzeeni. Ujerumani, Uingereza, Marekani na Japani wapo watu wazima, wengine wastaafu, wanaojenga treni ndogo zenye reli, stesheni, madaraja na milima yake. Mjini Hamburg, Ujerumani, kuna jumba liitwalo Miniatur Wunderland, lililofunguliwa mwaka 2001, ambako treni ndogo kwa mamia zinazunguka na watu wanalipa kiingilio kuzitazama.

Watu hawa wakikutana, mazungumzo yao ni yale yale. Reli yako ina upana gani? Kona hii si kali mno? Mlima huo treni itaupanda? Mbona behewa la tatu linaacha njia kila mara? Ukisikiliza vizuri utagundua kwamba ndiyo maswali ya reli kubwa pia. Leo tunayatumia mazungumzo hayo kueleza jambo moja linalogusa mizigo ya bonde letu: kwa nini pale Kidatu, mahali ambapo reli mbili zinakutana, behewa la reli moja haliwezi kuingia kwenye reli nyingine.

Kwanza, skeli

Mtengenezaji wa treni ndogo huanza na skeli, kama ile ya ramani za shuleni. Skeli inayotumiwa na wengi zaidi duniani ni 1 kwa 87. Maana yake, kila kitu kimepunguzwa mara 87. Mtu mwenye urefu wa mita 1 na sentimita 74 anakuwa na sentimita 2 tu.

Hebu tuipime TAZARA kwa skeli hiyo. Reli nzima kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia ina urefu wa kilomita 1,860. Ukigawa kwa 87 unapata zaidi ya kilomita 21. Hata ikiwa ndogo kiasi hicho, kuifuata yote mwanzo hadi mwisho ni safari nzuri ya baiskeli. Ndiyo maana hakuna anayejenga reli nzima. Kila mmoja huchagua kipande anachokipenda. Sisi tungeambiwa tuchague, tungechagua Kidatu.

Upana wa reli unapimwaje?

Upana wa reli ni nafasi iliyopo kati ya chuma kimoja na kingine, ikipimwa kwa ndani. Nchini Tanzania tunazo reli za aina tatu.

Reli ya zamani ya TRC, ile ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma na matawi yake, ina milimita 1,000, yaani mita moja kamili. TAZARA ina milimita 1,067. Reli ya kisasa ya SGR, ambayo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, ina milimita 1,435.

Tawi moja la reli ya zamani linatoka Kilosa, linapita Mikumi na kufika Kidatu. Hapo linakutana na TAZARA. Toa 1,000 kwenye 1,067, inabaki milimita 67. Weka mkono wako mezani, bana vidole vinne pamoja bila dole gumba. Tofauti ya reli hizi mbili ni karibu upana huo.

Kwa skeli ya 1 kwa 87, tofauti hiyo inakuwa chini ya milimita moja. Kwa hiyo wajenzi wengi wa treni ndogo hutumia reli moja ya milimita 12 kwa treni za aina zote mbili, na treni inatembea bila shida. Kwenye mfano mdogo kosa hilo linasameheka. Kwenye reli halisi halisameheki, na sababu iko kwenye umbo la gurudumu.

Jaribio la vikombe viwili

Jaribio hili linafanyika nyumbani. Chukua vikombe viwili vya plastiki vinavyofanana, vile vyenye mdomo mpana na kitako chembamba. Vigandishe mdomo kwa mdomo kwa gundi ya karatasi. Laza fito mbili zilizonyooka, moja kando ya nyingine, kwenye mteremko mdogo. Weka vikombe juu yake na uviache vibingirike. Vikienda upande, vinajirudisha katikati vyenyewe. Sasa vigandishe kitako kwa kitako ujaribu tena. Mara hii vitaanguka mapema.

Gurudumu la treni limetengenezwa kama vikombe vya mara ya kwanza. Upande wa ndani ni mkubwa kidogo, upande wa nje ni mdogo kidogo. Umbo hilo ndilo linaloliweka katikati ya reli na kulisaidia kukata kona. Zaidi ya hapo, kila gurudumu lina ukingo wa chuma upande wa ndani, kama mdomo wa sufuria, unaozuia lisichupe nje. Na magurudumu mawili yamekazwa kwenye ekseli moja, hayasogei kukaribiana wala kuachana.

Ndiyo maana upana lazima ulingane. Sukuma behewa la reli ya milimita 1,000 kwenye TAZARA: magurudumu yatadumbukia katikati ya reli. Sukuma behewa la TAZARA kwenye reli ya milimita 1,000: kingo zitapanda juu ya chuma. Vyovyote vile, behewa limeanguka.

Kwa nini upana haukufanana tangu mwanzo?

Kila reli ilijengwa kwa kumtazama jirani wake. Reli ya kati ilijengwa na Wajerumani kuanzia mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, kwa upana wa mita moja. Upana huo huo ulitumika pia kwenye reli ya Waingereza kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria.

Kusini mwa Afrika mambo yalikuwa mengine. Huko, tangu karne ya 19, koloni la Cape lilichagua milimita 1,067, na reli zilizoendelea kaskazini mpaka Zambia zikafuata kipimo hicho.

Kisha ukaja mwaka 1965. Walowezi wa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikabanwa kwenye njia yake ya kusafirisha shaba kwenda baharini. Tanzania, Zambia na China zilitiliana saini makubaliano ya kujenga reli mpya mwaka 1967. Ujenzi ulianza 1970 na reli ikakabidhiwa mwaka 1976. Kwa kuwa shaba ilitoka Zambia, reli ilipewa upana wa Zambia, ili mabehewa yatoke kwenye machimbo mpaka bandari ya Dar es Salaam bila kubadilisha kitu.

Uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Lakini matokeo yake ni kwamba mipaka ya vipimo viwili vya Afrika ilihamia kwetu, na sehemu mojawapo inapopita ni Kidatu.

Tofauti ndogo, shida kubwa

Hapa pana jambo ambalo wajenzi wa treni ndogo hulijua vizuri. Mtu anaweza kudhani kwamba tofauti ikiwa ndogo, dawa yake ni nyepesi. Kwenye reli mara nyingi ni kinyume chake.

Reli mbili zikiwa na tofauti kubwa ya upana, mafundi wanaweza kulaza chuma cha tatu juu ya mataruma yale yale. Treni nyembamba inatumia chuma cha kwanza na cha pili, treni pana inatumia cha kwanza na cha tatu. Eneo la Brisbane nchini Australia wanazo njia za namna hiyo, za milimita 1,067 na 1,435. Tofauti yao ni milimita 368, nafasi inatosha.

Kidatu nafasi ni milimita 67. Kitako cha chuma cha reli peke yake huzidi sentimita 10 kwa upana. Vyuma viwili haviwezi kukaa kando kwa kando ndani ya vidole vinne, na ukingo wa gurudumu nao unahitaji pa kupita. Chuma cha tatu hakina pa kulala.

Zinabaki njia nyingine. Moja ni kulinyanyua behewa zima na kulibadilishia magurudumu. Inawezekana, lakini inataka mitambo, muda na akiba ya magurudumu ya aina zote mbili. Nyingine ni kuhamisha mzigo wenyewe, kutoka behewa hili kwenda lile. Kituo cha kuhamishia mizigo kilijengwa Kidatu kwa kazi hiyo, mwaka 1998.

Hii inamhusu vipi mkulima na mfanyabiashara?

Mzigo unaohamishwa ni mzigo unaoguswa mara mbili zaidi: kushushwa, kisha kupakiwa. Gunia la mchele likitoka Ifakara kwenda mahali panapofikiwa na reli ya zamani, mtu atalibeba mgongoni katikati ya safari, au mashine italinyanyua. Kila mguso una gharama yake, na kila mguso ni nafasi ya gunia kupasuka, kulowa au kupungua.

Kontena lina nafuu, kwa sababu linanyanyuliwa na winchi likiwa limefungwa, bila mtu kugusa kilichomo. Lakini mkulima wa magunia 20 hajazi kontena peke yake. Hapo ndipo ushirika au kikundi kinapokuwa na maana: wakijaza kontena pamoja, mzigo wao unavuka ukiwa umefungwa.

Kwa anayetuma magunia, mambo manne yanafaa kuulizwa kabla ya kulipa nauli. Je, mzigo utahamishwa njiani, na wapi? Nani anagharamia kazi ya kuhamisha? Nani anawajibika gunia likipotea wakati wa kuhamisha? Na je, idadi itahesabiwa upya na kuandikwa hapo? Shona gunia mara mbili, liandike alama isiyofutika, na ushike risiti yenye idadi.

Septemba 2024, mjini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Reli ikiwa nzima, treni zitakwenda kwa kasi na kwa uhakika zaidi. Lakini kufufua reli moja ni kazi moja, na kuzikutanisha reli za upana tofauti ni kazi nyingine. Katika mikutano ya hadhara, hilo la pili nalo linastahili swali.

Kitu ambacho treni ndogo haionyeshi

Tunamalizia na onyo, hasa kwa wazazi na walimu.

Treni ndogo inafundisha mengi: upana, kona, hata mlima. Ukitaka kuelewa kwa nini kati ya Mlimba na Makambako kumejaa madaraja na mahandaki, chukua ubao wa mita moja na uinue ncha yake sentimita 2. Reli za mizigo mizito mara chache huzidi mwinuko huo. Kwa hiyo reli ikikuta mlima inatoboa au inazunguka.

Lakini uzito haupungui kama urefu unavyopungua. Ukipunguza urefu, upana na kimo kila kimoja mara 87, uzito unapungua zaidi ya mara 650,000. Kichwa cha treni cha tani 100 kinakuwa na gramu 150 hivi. Ndiyo maana wajenzi wa treni ndogo hulalamika kwamba mabehewa yao ni mepesi mno na huyaongezea vipande vya chuma ili yasiache njia. Mtoto anaisimamisha treni ya kopo kwa kidole kimoja.

Treni halisi ni chuma juu ya chuma. Msuguano ni mdogo, na ndiyo siri ya kuvuta mzigo mkubwa kwa mafuta kidogo. Siri hiyo hiyo ndiyo inayoifanya ishindwe kusimama haraka. Treni ya mizigo iliyoshika kasi inaweza kuhitaji kilomita nzima au zaidi mpaka isimame. Dereva akimwona mtoto, ng'ombe au bodaboda kwenye reli, anaweza kupiga honi na kufunga breki, lakini hawezi kukwepa.

Basi watoto waendelee kutengeneza treni zao, na tuwasaidie kuzipima. Reli ya kuchezea ilazwe uani nyumbani. Ile kubwa ivukwe kwenye kivuko, baada ya kutazama pande zote mbili, simu ikiwa mfukoni na sikio likiwa wazi.