Michoro ya Miambani Katika Vilima vya Kolo

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Babati, akiisha kuupita mji wa Kondoa, hufika kijiji cha Kolo katika nchi ya Warangi. Juu ya kijiji huona vilima vyenye msitu na majabali makubwa yaliyolaliana kama magunia ya mtama ghalani. Wengi hupita wasijue ya kuwa chini ya majabali yale mna michoro ya watu wa kale, nayo ndiyo tupendayo kuwaeleza wasomaji wetu, hasa walimu wawapelekao watoto kutazama.

Mahali penye michoro ni pengi, na nchi yote iliyohifadhiwa ni kilomita za mraba 2,336. Mwaka 2006 iliandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Michoro iliyo mizuri zaidi ni ile myekundu: watu warefu wembamba, wengine vichwa vyao vina umbo la ajabu, na wanyama kama twiga, tembo na pofu. Rangi yake ilipatikana kwa kusaga mawe mekundu yenye chuma. Ile myeupe ni ya nyuma zaidi, nayo yadhaniwa kuwa kazi ya wakulima. Bibi Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akiinakili, akachapisha kitabu chake mwaka 1983.

Basi, rangi hii iliyostahimili miaka mingi yaweza kuharibiwa na kikombe kimoja cha maji. Mgeni huona mchoro umefifia, akaumwagia maji ili ung'ae apate kupiga picha. Hung'aa kweli, lakini kwa dakika chache tu. Maji yakikauka huacha chumvi juu ya jiwe, utando mweupe ukaufunika mchoro, na asiyeona mchoro huyo kesho ni mtoto wa mwenye kijiji. Na miti ikikatwa mbele ya pango, jua, vumbi na mvua ya upepo hupata njia. Kwa hiyo mwenye kukata kuni kilimani, hata asipogusa jiwe, ameligusa.

Wako pia wachimbao chini ya majabali wakitafuta mali waliyoisikia kuwa ilifichwa na Wadachi. Hatujamwona hata mmoja aliyetajirika, mashimo tumeyaona.

Jambo moja lataka busara. Mungomi wa Kolo ni mahali pa tambiko tangu zamani. Wazee hupanda na mbuzi kuomba mvua na kuponya wagonjwa. Wako waonao kwamba damu na pombe havipatani na hifadhi. Sisi twaona kuwa wazee hao walikilinda kilima kabla ya sheria yo yote kuandikwa, na mahali pa kumwagia pombe mbali na ukuta wenye rangi paweza kupatikana kwa kuzungumza nao, si kwa kuwafukuza.

Atakaye kwenda aanzie ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo, alipe ada, apewe kiongozi. Avae viatu vya kushika jiwe, maana njia ni ya kupanda, na maji yake ayanywe. Akikuta wazee wako katika tambiko, akae chini ya kilima angoje mpaka washuke.