Shaba ya Katanga na Kioo cha Mkongo

Mji wa Kigoma umejuana na shaba zamani, kwani ile ya Katanga ilipita Ujiji mabegani mwa wapagazi wa misafara, na reli ilipofika mwaka 1914 haukupita muda mrefu shaba ikawa yavushwa Ziwa Tanganyika kutoka Kalemie, upande wa Kongo, ikapakiwa katika mabehewa na kuteremshwa hadi bandari ya Dar es Salaam. Walakini shaba hiyo, ilipofanywa nyaya za kubebea maneno ya watu, ilishindwa na jambo moja, nalo ni masafa.

Umeme upitao katika waya wa shaba hudhoofika kila uendapo, na kadiri ujumbe unavyokuwa mwingi ndivyo udhaifu unavyozidi, hata waya wa simu ukitakiwa kuleta intaneti ya kasi hauna tena nguvu kilomita chache tu kutoka kituoni. Mkongo, ambao ndani yake mna nyuzi za kioo, kila moja ikiwa na unene wa thumuni ya milimita, haubebi umeme bali nuru, nayo nuru yaweza kwenda kilomita 80 na zaidi kabla ya kuhitaji kutiwa nguvu upya. Kwa mkazi wa Masaki, Dar es Salaam, pengine hilo si jambo la kushangaza. Kwa mwenye duka la Mwanga, hapa Kigoma, aliye mbali na pwani kwa takriban kilomita 1,250 za reli, hilo ndilo shina la habari yote.

Mwaka 1966, huko Uingereza, mhandisi Charles Kao alibainisha ya kuwa nuru ikififia njiani, dosari si ya kioo chenyewe bali ni ya uchafu uliomo. Nishani ya Nobel aliipata mwaka 2009, mwaka uleule ambao mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na ujenzi wa Mkongo wa Taifa ukaanza, huu ambao sasa umefika hadi Manyovu, mpakani mwa Burundi.

Manufaa mengine si haba. Kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo radi za huku ziwani hazipati njia ndani yake, na uzi wake waweza kutundikwa pamoja na nyaya za umeme mkubwa usidhurike. Tena mnunuzi wa vyuma chakavu hana haja nacho. Ila kukiunga ni kazi ya subira: fundi huambua ngozi ya plastiki, huufuta uzi kwa spiriti, huukata sawasawa, kisha huziweka ncha mbili katika mashine iziyeyushayo kwa cheche hadi zikawa kitu kimoja. Wala mkongo si wa milele, maana tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipopata hitilafu baharini upande wa kusini, intaneti ilidorora nchini.

Na shaba ipewe haki yake. Simu ya mezani ya zamani ililetewa umeme na waya uleule uliobeba sauti, hata taa za mji zikizimika mtu aliweza kumwita daktari. Kioo hakileti umeme, na kile kisanduku cha ukutani kipokeacho nuru huzimika pamoja na taa. Basi avutaye mkongo nyumbani kwake na aulize mapema bei ya betri.