Kadi ya Chanjo na Uandikishaji wa Watoto Shuleni

Kila mwaka, kabla ya muhula wa Januari kuanza, wazazi na walezi hufika katika shule za msingi kuandikisha watoto wa elimu ya awali na darasa la kwanza. Pamoja na cheti cha kuzaliwa, shule nyingi huomba kadi ya kliniki. Wapo wazazi ambao, kwa kuwa kadi imepotea au haikukamilika, humrudisha mtoto nyumbani kungoja mwaka mwingine. Hakuna haja ya kufanya hivyo.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyefikisha miaka saba aandikishwe shule. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inampa mzazi wajibu wa kumpatia mtoto matibabu, ikiwemo chanjo. Wajibu mmoja hauondoi mwingine: mtoto aandikishwe, na chanjo zikamilishwe.

Kadi inaonyesha nini

Mtoto hupata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio anapozaliwa. Katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hukingwa dhidi ya polio, dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini, nimonia na kuhara. Chanjo ya surua-rubella hutolewa mara mbili, katika miezi 9 na miezi 18. Dozi hii ya mwisho ndiyo husahaulika zaidi, kwani wakati huo mtoto ameshaanza kutembea na safari za kliniki zimepungua.

Surua huambukiza siku nne kabla vipele havijatokea. Mwalimu anapoviona, watoto waliokaa dawati moja na mgonjwa wamekwisha kuvuta hewa ileile.

Nani asichanjwe

Sababu za kweli ni chache. Mtoto aliyepata mzio mkali baada ya dozi iliyotangulia hapewi tena chanjo hiyo. Mtoto ambaye kinga yake imedhoofika sana, kwa mfano anayetibiwa saratani, hapewi chanjo yenye virusi hai vilivyofifishwa, kama ya surua-rubella. Mwenye homa kali huahirishiwa mpaka apate nafuu. Uamuzi huo ni wa mtaalamu wa afya, na mzazi aombe uandikwe kwenye kadi.

Mafua, kikohozi kidogo au kuzaliwa nyumbani si sababu ya kuacha chanjo. Tena, mtoto asiyeweza kuchanjwa hana ngao nyingine darasani isipokuwa wenzake waliochanjwa.

Kadi ikipotea au dozi zikikosekana

Mzazi aende katika kituo alikochanjiwa mtoto, ambako kumbukumbu hutafutwa kwenye rejista. Chanjo zilizokatizwa hazianzwi upya. Huendelezwa pale zilipoishia, kwa kadiri umri wa mtoto unavyoruhusu. Dozi ya pili ya surua-rubella yaweza kutolewa baada ya wiki nne tangu ile ya kwanza. Katika vituo vya umma huduma hii haina malipo.

Wasichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa dozi moja ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, shuleni au kituoni.

Wazazi wanakumbushwa kuikagua kadi leo, kabla ya siku ya uandikishaji. Nafasi iliyo wazi kwenye kadi bado yaweza kujazwa. Mtoto akishaugua, muda huo umepita.